Mchezaji Halali ni Nani? Ushindani wa Besiboli baina ya Vyuo Vidogo vya Marekani, 1859–2008

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya ushindani wa besiboli baina ya vyuo vidogo vya Marekani, kwa kujikita katika vyuo vya New England na vya jimbo la Ohio. Hoja kuu ni kwamba miungano ya michezo ya vyuo hivyo ilizaliwa na upinzani uliokuwapo kabla yake, na hususani na shaka ya kila upande kuhusu uhalali wa wachezaji wa upande wa pili. Shaka hiyo ilizaa kanuni nyingi kuhusu fedha na uanafunzi. Hata hivyo, kanuni hizohizo zilinyamazia suala la rangi, na kimya hicho kiliwagharimu wachezaji weusi nafasi ambayo hakuna kanuni iliyoandikwa iliyowanyima.

1.0 Utangulizi

Besiboli ya vyuo vya Marekani hujulikana zaidi kupitia vyuo vikuu vyenye viwanja vikubwa, mikataba ya televisheni na wachezaji wanaosubiri kuingia katika ligi za kulipwa. Hata hivyo, mchezo huo haukuanzia huko. Ulianzia katika vyuo vidogo vya sanaa na sayansi, vingi vikiwa vimeasisiwa kwa misingi ya kidini katika miji midogo, ambako mwanafunzi aliyeshika gongo mchana alikuwa ndiye anayekariri Kigiriki na Kilatini asubuhi yake. Katika mazingira hayo, kufungwa na chuo jirani hakukuwa jambo la uwanjani tu. Kulihesabiwa kuwa aibu ya chuo kizima, ya walimu wake na ya wahitimu wake.

Upinzani wa aina hiyo haukuhitaji ligi wala kombe ili uwepo. Ulihitaji majirani wawili wenye kumbukumbu ndefu. Muungano wa vyuo, yaani chombo kinachopanga ratiba, kuweka masharti ya ushiriki na kumtangaza bingwa, ulikuja baadaye. Insha hii inajiuliza ni nini kilichowalazimisha watani wa jadi kukaa meza moja na kuandika kanuni za pamoja, na ni nini ambacho kanuni hizo hazikukigusa. Mifano mitatu inatumika: Williams na Amherst mwaka 1859, vyuo vya Ohio kati ya 1881 na mwanzo wa karne ya 20, na muungano wa NESCAC ulioanzishwa mwaka 1971.

2.0 Vyuo Viwili vya Asili Moja: Williams na Amherst

Chuo cha Williams kilianzishwa mwaka 1793 katika mji wa Williamstown, kwenye kona ya milima ya kaskazini-magharibi mwa Massachusetts. Umbali wa mji huo uliwatia shaka baadhi ya viongozi wake, walioona kuwa chuo kilichojificha milimani hakingeweza kupata wanafunzi wa kutosha. Mwaka 1821, rais wa chuo, Zephaniah Swift Moore, aliondoka pamoja na baadhi ya wanafunzi na kwenda kuanzisha chuo kipya katika mji wa Amherst. Waliobaki Williamstown walihofu kwamba chuo chao kingekufa. Mwaka huohuo wahitimu wa Williams waliunda jumuiya yao ili kukinusuru, jumuiya inayotambuliwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani. Kipo pia kisa, kisicho na ushahidi wa kuaminika, kwamba waliohama walibeba vitabu vya maktaba ya Williams. Umuhimu wa kisa hicho hauko katika ukweli wake. Uko katika kudumu kwake, kwani kinaonesha jinsi waliobaki walivyoutafsiri utengano ule: kwao lilikuwa suala la usaliti na mali iliyoibwa.

Miaka 38 baadaye, wanafunzi wa Amherst waliwaalika wenzao wa Williams kushindana katika besiboli. Mchezo ulichezwa tarehe 1 Julai 1859 katika mji wa Pittsfield, na ndio unaohesabiwa kuwa mchezo wa kwanza wa besiboli baina ya vyuo nchini Marekani. Pittsfield ulikuwa na historia yake katika besiboli: mwaka 1791 mji huo ulipitisha sheria ndogo ya kupiga marufuku michezo ya mpira, besiboli ikitajwa kwa jina, karibu na jumba jipya la mikutano ili kulinda madirisha yake.

Mchezo wa 1859 ulifuata kanuni zilizojulikana kama za Massachusetts, ambazo zilitofautiana sana na za leo. Kila upande ulikuwa na wachezaji 13 badala ya tisa. Mkimbiaji angeweza kutolewa kwa kupigwa na mpira akiwa njiani kati ya vituo. Aidha, mtu mmoja akitolewa, zamu ya upande wake ya kupiga ilikwisha. Ndiyo maana zamu zilikuwa nyingi na mikimbio, yaani idadi ya mara ambazo wachezaji walizunguka vituo vyote na kurejea nyumbani, ilikuwa mingi mno. Amherst walishinda kwa mikimbio 73 dhidi ya 32. Baada ya hapo vyuo hivyo vilishindana katika sataranji, na Amherst walishinda tena. Kuunganishwa kwa besiboli na sataranji hakukuwa mzaha. Wanafunzi walitaka kuthibitisha kwamba chuo bora ni kile kinachoshinda kwa misuli na kwa akili pia.

Jambo lenye uzito zaidi kwa insha hii ni uvumi ulioenea uwanjani siku hiyo. Ilidaiwa kwamba mrushaji wa Amherst hakuwa mwanafunzi bali mhunzi aliyekodiwa kwa ajili ya mchezo, kwa kuwa mtu asiyezoea nyundo asingeweza kurusha mpira kwa saa tatu na zaidi bila kuchoka mkono. Uvumi huo haukuthibitishwa. Hata hivyo, unafunua mengi. Katika siku ileile besiboli ya vyuo ilipozaliwa, swali la nani ana haki ya kuvaa rangi za chuo lilizaliwa nayo. Wakati huo hapakuwa na chombo cha kulijibu: hapakuwa na orodha iliyothibitishwa ya wanafunzi wala mwamuzi aliyekubaliwa na pande zote nje ya uwanja. Aliyeshindwa alibaki na shaka yake, na shaka hiyo ikawa chakula cha upinzani kwa vizazi vilivyofuata.

3.0 Oberlin, 1881: Ushindi Uliompoteza Mchezaji

Swali hilo lilijitokeza kwa sura nyingine huko Ohio, jimbo lililokuwa na vyuo vidogo vingi vilivyojengwa karibukaribu. Chuo cha Oberlin, kilichoanzishwa mwaka 1833, kilikuwa miongoni mwa vyuo vya mwanzo kabisa nchini Marekani kupokea wanafunzi weusi, kikifanya hivyo tangu mwaka 1835. Mwaka 1881 kilipounda timu ya kukabiliana na vyuo vingine, mdakaji wake alikuwa Moses Fleetwood Walker, kijana mweusi mzaliwa wa Mount Pleasant, Ohio. Ndugu yake, Weldy, alikuwa pia katika timu hiyo. Kazi ya mdakaji wakati huo ilikuwa ya mateso, kwani alisimama nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya kasi akiwa na kinga hafifu au bila kinga yoyote mikononi.

Tarehe 3 Juni 1881 Oberlin iliishinda timu ya Chuo Kikuu cha Michigan kwa mikimbio 9 dhidi ya 2. Kwa chuo kidogo cha mji mdogo, huo ulikuwa ushindi wa fahari. Lakini ushindi huo uliwaonesha walioshindwa walichokikosa. Walker alihamia Michigan, na katika msimu wa mwaka 1882 alikuwa mdakaji wa timu aliyoifunga mwaka mmoja kabla. Hapakuwa na kanuni ya kumzuia mchezaji kuhama kutoka chuo hadi chuo, wala ya kukizuia chuo kikubwa kumvuta nyota wa chuo kidogo. Kwa hiyo, uhuru uliompa Walker nafasi pana zaidi ndio huohuo ulioifanya Oberlin kupoteza tunda la ushindi wake. Mfano huu unaonesha kwa nini vyuo vidogo ndivyo vilivyokuwa na haja kubwa ya kanuni: pasipo kanuni, mwenye nguvu huchukua.

Safari ya Walker baada ya hapo inafahamika. Mwaka 1884 aliichezea Toledo katika American Association, iliyokuwa mojawapo ya ligi kuu za wakati huo, na Weldy alimfuata kwa michezo michache. Tarehe 14 Julai 1887 viongozi wa International League, ambamo Walker alikuwa akicheza, waliamua kutoidhinisha mikataba mipya ya wachezaji weusi. Taratibu mlango ulifungwa katika ngazi zote za besiboli ya kulipwa. Ulikuja kufunguliwa katika ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoingia uwanjani na timu ya Brooklyn Dodgers. Walker mwenyewe alikata tamaa na nchi yake. Katika andiko alilolichapisha mwaka 1908 alitetea hoja kwamba Wamarekani weusi warejee Afrika. Ni vigumu kuupuuza mkinzano uliopo: chuo kilichompokea kilimwaminisha kwamba uwezo ungetosha, ilhali ulimwengu uliokuwa nje ya chuo ulimfundisha kinyume chake.

4.0 Fedha za Kiangazi na Kuzaliwa kwa Miungano

Kufikia miaka ya 1890, shaka kubwa baina ya wapinzani ilihusu fedha. Miji na hoteli za mapumziko ziliajiri timu za besiboli wakati wa likizo ya kiangazi, na wanafunzi wenye kipaji walilipwa kucheza huko. Christy Mathewson ni mfano mzuri. Akiwa mwanafunzi wa chuo cha Bucknell, Pennsylvania, alirusha mpira kwa malipo huko Taunton, Massachusetts, katika kiangazi cha mwaka 1899. Baadaye alishinda michezo 373 katika ligi kuu na akawa miongoni mwa watano wa kwanza kuchaguliwa, mwaka 1936, kuingia katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli. Naye Jack Coombs alitoka moja kwa moja chuo cha Colby, katika jimbo la Maine, na kujiunga na Philadelphia Athletics mwaka 1906. Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo alirusha mchezo mzima wa zamu 24 dhidi ya Boston na kushinda kwa mikimbio 4 dhidi ya 1.

Wachezaji wa kiwango hicho walikuwa fahari ya vyuo vyao na kero ya wapinzani wao. Kila chuo kiliona malipo ya mchezaji wa jirani kuwa udanganyifu, na malipo ya mchezaji wake kuwa riziki ya kijana maskini anayejilipia ada. Hoja zote mbili zilikuwa na ukweli ndani yake. Kwa mtoto wa tajiri, kucheza bila malipo ilikuwa starehe. Kwa mtoto wa mkulima, ilikuwa ni kuacha mshahara wa miezi mitatu.

Ni katika hali hiyo ambapo Ohio Athletic Conference iliundwa mwaka 1902 na vyuo sita: Case, Kenyon, Oberlin, Ohio State, Ohio Wesleyan na Western Reserve. Wajumbe wa muungano huo hawakuwa marafiki waliotafuta namna ya kucheza pamoja, kwani walikuwa wakicheza pamoja tayari. Walikuwa wapinzani waliotafuta namna ya kuaminiana. Muungano uliwapa kipimo kimoja cha kujibu swali la Pittsfield: nani ni mwanafunzi, na nani ni mhunzi?

5.0 Ohio Wesleyan: Kanuni Iliyosema na Kanuni Iliyonyamaza

Kipimo hicho kilimgusa mapema kijana mmoja wa Ohio Wesleyan, Branch Rickey. Alikuwa mwana wa familia ya wakulima na Mmethodisti wa dhati, na alicheza kama mdakaji. Katika kiangazi cha mwaka 1902 alicheza kwa malipo katika mji wa Portsmouth, Ohio. Suala hilo lilipofika kwa rais wa chuo, Rickey alikiri kwamba alilipwa, akapoteza haki ya kukichezea chuo. Chuo kilimpa kazi ya kuifundisha timu ileile. Hivyo basi, kanuni ya fedha ndiyo iliyomtoa Rickey uwanjani na kumweka katika nafasi ya uongozi akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu.

Katika timu aliyoiongoza alikuwamo Charles Thomas, mchezaji pekee mweusi. Timu ilipokwenda South Bend, Indiana, kucheza na Notre Dame mwanzoni mwa miaka ya 1900, hoteli ilikataa kumpokea Thomas. Rickey alishikilia kwamba asipopokelewa Thomas, timu nzima ingeondoka, na hatimaye ikakubaliwa kwamba Thomas alale katika chumba cha Rickey. Kwa mujibu wa Rickey, usiku ule alimkuta Thomas akilia huku akijisugua mikono, kana kwamba alitaka kuibandua ngozi yake.

Simulizi hii inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ilipata umaarufu baada ya mwaka 1945, wakati Rickey, akiwa kiongozi wa Brooklyn Dodgers, alipoamua kumsajili Jackie Robinson, na aliitumia kuelezea chimbuko la uamuzi huo. Ni kawaida ya kumbukumbu kunolewa na matumizi yake, na simulizi inayosimuliwa mara nyingi na mshindi humweka mshindi katikati. Thomas, aliyekuja kuwa daktari wa meno huko Albuquerque, humo anaonekana kama mtu anayelia na kuokolewa. Ilhali ni yeye aliyesafiri tena na tena na timu hiyo, akijua kwamba kila mji mpya ungeweza kuwa South Bend nyingine. Ujasiri huo ulikuwa wa kila wiki, na hakuna aliyeuhitaji zaidi katika timu ile kuliko yeye.

Zikiwekwa sambamba, kesi ya Rickey na kesi ya Thomas zinaufunua udhaifu wa kipimo cha uhalali. Rickey alitolewa na kanuni iliyoandikwa wazi, kupitia utaratibu uliojulikana, na chuo kilimtafutia mahali pengine pa kusimama. Kwa Thomas hapakuwa na kanuni iliyokiukwa. Alikuwa mwanafunzi kamili, asiyelipwa, halali kwa kila kigezo ambacho vyuo vilikuwa vimekubaliana. Hata hivyo, uhalali huo haukumpatia kitanda, kwa kuwa vyuo havikuwa vimeona haja ya kukubaliana kwamba mchezaji halali apokewe popote timu inapokwenda. Ulinzi wake ulitegemea msimamo wa mwalimu wake siku hiyo. Wapinzani waliokuwa makini kuhesabu dola alizolipwa mwanafunzi wakati wa kiangazi hawakuwa na neno la kusema kuhusu mlango uliofungwa mbele ya mwanafunzi.

6.0 NESCAC: Watani wa Jadi Chini ya Katiba Moja

Huko New England, Williams, Amherst na Wesleyan cha Connecticut viliendelea katika karne ya 20 kama vyuo vitatu vinavyojipima kila kimoja kwa mwenzake. Mwaka 1955 vyuo hivyo vitatu, pamoja na Bowdoin, viliingia katika makubaliano kuhusu michezo, na mwaka 1971 msingi huo ulipanuliwa na kuwa muungano wa vyuo 11, New England Small College Athletic Conference, unaojulikana kwa kifupi kama NESCAC. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, chama cha kitaifa cha michezo ya vyuo, NCAA, kiligawa wanachama wake katika madaraja matatu. Daraja la tatu lilikuwa la vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mashindano ya kwanza ya taifa ya besiboli katika daraja hilo yalifanyika mwaka 1976 huko Marietta, Ohio, mji wa chuo kidogo kilichokuja kuwa miongoni mwa vigogo wa daraja hilo.

NESCAC ilikwenda mbali zaidi ya masharti ya daraja. Kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mwaka 1993, haikuziruhusu timu zake kushiriki mashindano ya ubingwa ya NCAA. Mantiki yake ilikuwa kwamba mchezo umalizike ndani ya familia ya vyuo vinavyofanana, na kwamba mtihani wa Mei usisubiri fainali ya mahali pengine. Athari yake kwa upinzani ilikuwa kinyume na ambavyo mtu angetarajia. Kwa kuwa hapakuwa na kilele cha kitaifa cha kupanda, mchezo dhidi ya jirani ndio uliokuwa kilele. Mchezaji wa Williams angeweza kuwa na msimu mbaya, akaukomboa kwa siku moja dhidi ya Amherst.

Mazingira ya hali ya hewa yaliongeza ukali wake. Theluji ya New England hukawia kuyeyuka, na timu hulazimika kusafiri kwenda kusini mwezi Machi ili kupata uwanja mkavu. Michezo ya muungano hubanwa katika wiki chache, kati ya kuyeyuka kwa theluji na mitihani ya mwisho. Mchezo mmoja ukipotea, nafasi ya kuurudisha ni finyu.

Ruhusa ya mwaka 1993 ilifungua swali jipya: je, chuo kisichonunua wachezaji kwa ufadhili, na kilichojifunga kwa masharti makali kuliko ya wengine, kinaweza kushinda nchi nzima? Jibu lilitolewa mwaka 2008 na chuo cha Trinity cha Hartford, Connecticut. Timu yake ilishinda michezo 44 mfululizo. Ilipoteza mmoja tu, dhidi ya Johns Hopkins katika hatua ya mwisho ya mashindano ya taifa, kisha ikamshinda mpinzani huyohuyo kwa mikimbio 5 dhidi ya 4 na kutwaa ubingwa wa daraja la tatu. Rekodi ya ushindi 45 na kushindwa mara moja ilithibitisha kwamba masharti hayakuwa kifungo cha udhaifu. Mwaka uliofuata, ambao ulikuwa wa 150 tangu mchezo wa kwanza, Williams na Amherst walirudi Pittsfield kucheza tena.

7.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha kwamba muungano wa vyuo ni mkataba wa amani ulioandikwa na wapinzani, na kama mikataba yote ya amani, unabeba alama za vita vilivyoutangulia. Uvumi wa mhunzi ulidai orodha za wanafunzi. Kuhama kwa nyota kulionesha unyonge wa chuo kidogo mbele ya kikubwa. Mishahara ya kiangazi ilidai masharti ya uridhaa. Hofu ya ukubwa na biashara ilizaa NESCAC na mipaka yake. Kila kanuni ilijibu shaka iliyokuwa imesemwa kwa sauti.

Udhaifu wa kanuni hizo uko hapohapo: hazikujibu kile ambacho hakuna mpinzani aliyekilalamikia. Kufungiwa kwa Walker baada ya mwaka 1887 na kukataliwa kwa Thomas huko South Bend hakukuvunja usawa wa mashindano baina ya vyuo, hivyo hakukuonekana kuwa suala la mashindano. Kwa sababu hiyo, haitoshi kuipima haki katika michezo kwa wingi na ukali wa kanuni za uhalali. Inapasa kuipima pia kwa kumtazama mchezaji aliyetimiza kila sharti, na kuuliza ni nini alichopewa baada ya kuyatimiza.